Resori Iliyobaki Kwenye Kopo

Juzi mulikuja kwangu, nyinyi vijana wapya wa kikosi, mukanywa chai yangu na kuniuliza bastola gani ni nzuri kupita zote. Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo, kisha nikawaongezea chai kwa sababu mama zenu nawajua. Swali lenu lilikuwa la kitoto. Lakini nimekaa nalo tangu siku hiyo, na nimeona afadhali niwajibu kwa urefu, maana mimi sasa ni muntu wa retrete, nimeshastaafu, kazi yangu ni kuchambua maharagwe na kukumbuka.

Jibu fupi njo hili. Bastola nzuri ni ile uliyoipigisha risasi zilezile utakazotoka nazo kazini, ikakubali mbele ya macho yako. Nyingine zote, hata zing'ae namna gani, bado hazijakuambia neno. Jibu refu ni Ramazani, na huyo nitamufikia. Musinikimbize.

Mimi sikuzaliwa fundi wa silaha. Nilikuwa natengeneza vyerehani pale sokoni, na siku moja Papa Sefu akaleta cherehani cha muke wake kilichokuwa kinakata uzi. Papa Sefu alikuwa armurie wa kikosi, yaani muntu wa kutunza na kutengeneza silaha za walinzi. Alitoka katika zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walivuka ziwa na biashara yao, wakakaa. Muzee mwembamba, kofia safi, mikono ya mafuta. Aliniangalia nikinyoosha resori ndogo ya uzi, ule waya uliosokotwa unaojirudisha ukiubana, kwa kibanio cha nywele, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, njaa. Alicheka hadi akafuta macho, akasema nije kwake anifundishe kutengeneza kitu chenye kelele zaidi.

Walinzi hawakunipenda. Walisema mwanamuke akishika silaha, silaha inakataa kupiga, na mumoja alidai kabisa kwamba bunduki yake imeanza kukohoa tangu niiguse. Papa Sefu akawaambia sawa, kila anayeogopa mikono ya Feza atasafisha silaha yake mwenyewe kila jioni. Maneno yakaisha palepale. Mwanaume muvivu huacha imani upesi sana.

Kazi ya kikosi munaijua: viboko na mamba, kando ya ziwa na kwenye muto Lukuga, ili wavuvi wavue na wamama walime bila kuliwa. Bunduki ndefu zilikuwa chache, na ndani ya mutumbwi bunduki ndefu ni tabu, inagonga kasia, inagonga watu. Kwa hiyo wafadhili fulani walituletea bastola kubwa, za kutumia mnyama akishafika karibu sana na hakuna lingine la kufanya. Hazikuwa bastola za kuning'iniza kiunoni ili wasichana waone. Zilikuwa nzito, mudomo wake ungemeza kidole changu cha mwisho, na zilikula risasi za aina mbili. Kulikuwa na nyepesi, zenye baruti kidogo, za kujifunzia. Na kulikuwa na nzito, ambazo ukipiga moja tu bega linakuuliza baba yako ni nani.

Sikilizeni namna inavyofanya kazi, maana bila hili hamutaelewa yaliyobaki. Ukivuta kifyatulio, nyundo inagonga, baruti inalipuka, risasi inaenda mbele, na kile chuma cha juu tunachoita kulasi kinatupwa nyuma. Kikienda nyuma kinatupa nje ganda tupu na kinasimamisha nyundo tena. Halafu resori inakirudisha mbele, na njiani kinaokota risasi nyingine kutoka kwenye shaja, ile sanduku ndogo iliyo ndani ya mupini, kinaisukuma kwenye tundu la mututu. Wewe unaona ni kitu kimoja tu, pa! Kumbe ni vitu vingi vinavyongojana, na anayevipanga foleni ni resori.

Resori ikiwa ngumu na risasi nyepesi, kulasi hairudi hadi mwisho, na bastola inakwama. Resori ikiwa laini na risasi nzito, ni kinyume chake: kulasi inaruka nyuma kwa nguvu, inadunda, inarudi mbele kabla risasi ya chini haijapanda. Inapita juu yake na kufunga tundu likiwa tupu. Hapo unavuta, unasikia "ka" peke yake. Sijui sauti nyingine mbaya kama hiyo kwa muntu aliyesimama mbele ya kiboko.

Papa Sefu alinifundisha kusikiliza. Alinifunga macho kwa kitambaa, akavuta kulasi na kuiachia, akaniuliza: resori hii ni mupya au imechoka? Mwanzoni nilibahatisha. Baadaye niliweza kutaja hata bastola ilikuwa ya nani, maana kila mulinzi ana uchafu wake. Kulikuwa na kijana wa Pepa, mutoto wa wafugaji, aliyeishiwa mafuta ya silaha akapaka siagi ya ng'ombe. Ya nyumbani kwao, nzuri sana, yenye harufu. Asubuhi tukakuta sisimizi wameingia kwa foleni ndani ya mututu, na bastola haifunguki. Papa Sefu hakumugombeza. Alimwambia tu siku nyingine alete na mukate.

Na kuhusu shabaha, watu hudhani bastola ya risasi nzito haipigi sawasawa. Uongo. Tuliifunga kwenye mbao nzito tukaivuta kwa kamba, na matundu yote yakakaa mahali pamoja, ungeyafunika kwa kiganja. Muntu njo hapigi sawasawa. Teke la risasi nzito likishamupiga mara moja, mukono wake unalikumbuka, na mara ya pili unainama kabla ya mulio. Papa Sefu alikuwa na dawa yake: alichanganya kimyakimya risasi moja isiyo na baruti kati ya nzima. Mulinzi anavuta, hakuna mulio, lakini mudomo wa bastola unachimba chini wenyewe, mbele ya watu wote. Papa anamuuliza kama alikuwa anapiga kiboko au analima mihogo. Hata Shefu, mukubwa wa kikosi, alilima siku moja. Shabaha ilikuwa bidoni, yaani dumu tupu, juu ya kisiki, na chini ya kisiki alikuwa ameweka termosi yake. Chai yote muchangani. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi alipopanda pikipiki akaenda.

Mukono ukilegea, kuna ubaya mwingine tena. Bastola hii inataka kitu cha kusukumia. Ukiishika kama unashika kuku wa jirani, nguvu inapotelea kwenye mukono wako, kulasi inarudi nusu, na ganda tupu linabanwa pale linapotokea, mulangoni, limesimama wima, kila muntu analiona. Shikeni hili vizuri. Mukono mulegevu unaacha ganda mulangoni. Resori laini inaacha tundu tupu. Ni magonjwa mawili, na dalili zake hazifanani hata kidogo. Fundi atakayeyachanganya, mumurudishe kwenye vyerehani.

Sasa Ramazani. Alikuwa mutoto wa mwisho wa Papa Sefu, na alipoingia kikosini alikuwa tayari na muke wake Zawadi na watoto wawili. Mimi aliniita Yaya Feza, yaani dada mukubwa. Alikuwa akiniletea ndagala kutoka ufukoni, visamaki bado vibichi, akinitania kwamba mujane kama mimi akiolewa tena, mahari ataila yeye kama mudogo wangu. Mukono wake haukulegea wala kulima. Risasi isiyo na baruti ikimuangukia, bastola ilibaki palepale imetulia, naye anacheka kwa sababu ameshajua ni baba yake. Papa Sefu hakuwahi kumusifu mbele ya watu. Aligeuza uso tu, akajifanya anatafuta kitambaa. Mimi nilikuwa namuona.

Ujinga wetu ulianzia kwenye risasi nzito. Shefu alikataa zisipigwe mazoezini kwa kuwa zilikuwa chache, na mimi nilimuelewa, maana ndivyo tunavyoishi hapa kwetu. Sahani nzuri ziko kabatini zinangoja wageni, sisi wenyewe tunakulia za plastiki, na siku mugeni akija unakuta panya wameshapita. Basi risasi nzito zikawa sahani za wageni. Walinzi wakafanya mazoezi kwa zile nyepesi.

Lakini resori zilizokuja na bastola zilikuwa ngumu, za risasi nzito. Kwa nyepesi zilikwama kila siku, na walinzi wakaanza kuzidharau silaha zao. Mulinzi anayedharau silaha yake ni hatari kwake na kwa wenzake. Papa Sefu akatafuta resori laini, akaziweka kwa ajili ya mazoezi, na bastola zikaimba. Zile ngumu zilikaa kwenye kopo la maziwa lenye mafuta. Mazoezi yakiisha, tunafungua kila bastola, tunatoa resori laini, tunarudisha ngumu, ndipo inaenda kabatini pamoja na risasi nzito. Mimi nilimwambia: Papa, tunawafundisha na silaha moja, halafu tunawatuma na silaha nyingine. Akasema analijua hilo, twende tumwambie Shefu. Tulienda. Shefu akajibu kwamba risasi hazioti shambani.

Niwaambie na tabia mbili za Papa Sefu, zote nzuri. Ya kwanza, alibadilisha resori za watoto wa wenzake kwanza, na ya mutoto wake mwisho. Asije muntu akasema armurie anapendelea nyumba yake. Kwetu muntu mwenye heshima hufanya hivyo, hata nyinyi mungefanya. Ya pili, hakuacha silaha uchi mezani. Akitoka hata kwa dakika moja, aliifunga ikawa nzima, kwa sababu vipande hupotea na watu hushikashika. Tabia hizo nilizirithi na nikawafundisha wengine. Sikujua kwamba zinaweza kukutana siku moja na kumuua muntu.

Ilikuwa Ijumaa, wakati ule ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za watu, na viboko wakawa wanafuata maji hadi mashambani. Asubuhi walinzi walifanya mazoezi. Tukarudi ateliye, karakana yetu ya silaha, Papa Sefu akaanza kubadilisha resori, na mimi nikatumwa bandarini kuchukua bidoni ya mafuta iliyokuja na mashua ya Kigoma. Yeye akaendelea hadi ikabaki moja, ya Ramazani. Adhana ikalia. Ile bastola ilikuwa mezani vipande, ameshaisafisha, resori bado ile laini. Hakutaka kuiacha uchi. Akaifunga kama ilivyokuwa, akikusudia kuifungua tena akirudi, akaenda musikitini.

Nyuma yake Shefu akaja mbio na ufunguo wa kabati. Wamama waliotoka shamba walikuwa wamekwama ndani ya mutumbwi pale Lukuga inapotokea ziwani, na kiboko jike mwenye mutoto anawazunguka. Ramazani alikuwa wa zamu. Shefu aliona bastola yake mezani, imefungwa, na kwetu silaha iliyofungwa ilikuwa na maana moja tu, kwamba iko tayari. Akamupa pamoja na shaja ya risasi nzito. Ramazani akapanda mutumbwi na mupiga kasia wetu, Papa Kalunga, wakaenda.

Mimi nilifika na bidoni yangu nikamukuta Papa Sefu amesimama mbele ya kopo. Kwenye kiganja chake kulikuwa na resori moja, ngumu, inadondosha mafuta. Aliniuliza bastola ya Ramazani iko wapi. Nikamwambia mimi ndiyo nafika. Alitoka mbio. Sikuwahi kumuona yule muzee akikimbia, kanzu ameikusanya mukononi, watu wanampisha njia. Nilimufuata. Tulipofika ukingoni mutumbwi ulikuwa mbali, tukaona watu wadogo wadogo na maji yanaruka. Tukasikia mulio mumoja muzito. Papa Sefu akasema kwa sauti ya chini, "Ya pili." Akairudia. Tuliingoja ya pili, na haikuja.

Wamama wote walifika nchi kavu wazima. Wakati kiboko anahangaika na Ramazani, Papa Kalunga aliwavuta hadi kwenye matete. Ramazani aliletwa baadaye. Sitawaeleza alivyokuwa. Bastola ilikuwa bado inaning'inia kwenye mukanda wake, kwa ile kamba tunayoifunga ili isizame, na Papa Kalunga aliizungushia kitambaa bila kugusa kitu, akanipa mimi.

Kwenye kilio Shefu akasema neno lake. Hakulisema kwa ubaya, na kwa hiyo liliingia zaidi. Alisema alimupa shaja imejaa, na mulio uliosikika ni mumoja tu. Kijana alipiga moja, akaona haitoshi, akajirusha majini. Aliogopa, na kuogopa si dhambi, tumuombee. Watu wakaitikia. Papa Kalunga akaulizwa, akasema ukweli wake: alikuwa amewageukia wamama, alisikia mulio mumoja na hakuona kitu. Basi habari ikatembea, sokoni, bandarini, kwenye mabomba ya maji. Mutoto mukubwa wa Ramazani alirudi kutoka shuleni mudomo umepasuka, kwa sababu alipigana na mwenzake aliyemwambia baba yake alimukimbia kiboko na kuacha wamama. Zawadi alimuosha damu. Nilikuwepo. Nilitamani kumupiga muntu na sikujua nimupige nani.

Kesho yake nilifunga mulango wa ateliye, nikaiweka bastola mezani. Niliikausha kwanza. Fikirini pamoja na mimi sasa, hii njo kazi yenu. Kulasi ilikuwa imefungwa hadi mbele. Mulangoni hakuna ganda, kwa hiyo mukono haukulegea. Nikaifungua: tundu tupu. Nikatoa shaja: risasi ya juu ilikuwa na mukwaruzo mupya mugongoni, pale kulasi ilipopita juu yake bila kuichukua. Resori laini, risasi nzito. Hayo nilikuwa nayajua kabla ya kukaa, tangu nilipoona kile kiganja chenye mafuta.

Lakini kabla sijafungua chochote niliona kitu kingine. Nyundo ilikuwa imelala.

Mulinzi akipiga mara moja, kulasi inarudi nyuma na kusimamisha nyundo. Inabaki imesimama, inangoja. Bastola ile haikuwa na namna nyingine ya kuilaza nyundo yake ila kidole kuvuta. Maji hayailazi, kuanguka hakuilazi, nilishajaribu hayo yote kwa miaka. Kwa hiyo Ramazani alipiga ya kwanza, kiboko akaendelea kuja, naye hakujirusha popote. Alibaki amesimama, mukono imara, akavuta tena. Akasikia "ka". Nilikaa chini kwenye sakafu ya ateliye, na nililia kama sikuwahi kulia hata kwa mume wangu.

Mutauliza kwa nini sikutoka mbio kumwambia Shefu. Kwa sababu kumusafisha mutoto kulikuwa ni kumupaka baba matope, na yule baba ndiye aliyenitoa sokoni akanifanya muntu. Neno lile lilikuwa lake kabla ya kuwa langu. Nikaenda nyumbani kwake. Wanaume walikuwa kwenye mikeka uani, yeye amelala ndani, ameelekea ukutani. Aliposikia ni mimi, akaomba wengine watoke.

"Uliifungua?"

"Niliifungua, Papa."

"Tundu?"

"Tupu."

Akavuta shuka hadi shingoni. Halafu akasema, bado ameelekea ukuta, "Feza, mimi nilikuwa naomba Mungu iwe aliogopa. Kama alijirusha mwenyewe, basi si mimi."

Nilimuonea huruma. Ningeweza kuinuka pale, nikamwambia pole, nikaenda zangu, na yule muzee angebaki na kale kanafasi kadogo ka kupumulia. Nilimupenda kuliko baba yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeona mudomo wa yule mutoto.

"Papa," nikasema, "nyundo ilikuwa imelala."

Sikuhitaji kueleza. Yeye njo aliyenifundisha. Aligeuka polepole, akakaa, akaniangalia kama ananihesabu meno.

"Alivuta tena."

"Alivuta tena, Papa."

Akavua kofia yake, akafunika nayo uso, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Kisha akaniomba ningoje hadi arobaini. Siku hiyo ukoo wote utakuwepo, wa Mpala, wa Kigoma, na Shefu ataalikwa. Nikamwambia nitasimama naye, nitaleta bastola, nitaeleza. Akakataa. Alisema nisimusaidie.

Papa Sefu hakurudi tena ateliye. Mimi ndiye niliyekusanya resori laini zote nikazitupa ziwani, na Shefu, baada ya arobaini ile, alifungua mwenyewe masanduku ya risasi nzito akasema zipigwe mazoezini hata kama zitakwisha. Ndiyo maana nyinyi leo munapiga nzito na munalalamika mabega yanauma. Acheni yaume.

Siku ya arobaini uani kulijaa. Wanaume kwenye mikeka, wanawake upande wa jikoni na masufuria yao, Shefu kwenye kiti cha plastiki, mimi nimekaa na wamama. Zawadi alikuwa ndani, kwenye eda yake. Watoto walikuwa wametolewa nje wacheze barabarani ili wasisumbue dua. Dua ilipokwisha, watu wakangoja chakula, na Papa Sefu akasimama. Alikuwa amepungua, kanzu inamuzunguka. Sauti yake haikutetemeka.

Alisema, "Ramazani hakukimbia. Alipiga, akavuta tena, silaha ikakataa. Ile silaha niliifunga mimi, na resori isiyo yake, nikaiacha mezani nikaenda kusali. Anayetafuta muntu wa kulaumu, aniangalie mimi. Mutoto wangu alisimama."

Shefu alivua bere, kofia yake ya kazi, akaishika kwenye magoti, na hakuinua macho. Kaka mukubwa wa Papa Sefu alimushika kanzu amukalishe, taratibu, kama unavyomukalisha mugonjwa, na kweli muzee alianza kukaa. Ndipo Zawadi akatokea mulangoni, amejifunika, ameshika fremu kwa mikono yote miwili.

"Papa," akasema, "watoto wake walikuwa nje. Hawakusikia. Rudia."

Muntu mumoja akaenda kuwaita. Wakaja na vumbi miguuni, wakakalishwa mukekani mbele ya babu yao, mukubwa na kovu lake kwenye mudomo, mudogo akiangalia masufuria. Papa Sefu akasimama tena. Akawaangalia, akarudia yote kutoka mwanzo, polepole, ili mudogo naye aelewe.